Ushuru Hupingwa Juni, Lakini Hupangwa Februari

Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kupanga kodi za mwaka, ulipofika bungeni Mei mwaka ule, wengi mtaani kwetu Mombasa hawakuwa wamewahi kusoma mswada wowote. Kufikia katikati ya Juni, mama anayeuza mahamri kwenye kona yetu alikuwa anajua kwamba mkate ungetozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 na kwamba mafuta ya kupikia yangewekewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25. Alikijua hata kifungu cha magari: asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isipungue Sh5,000, isizidi Sh100,000. Yeye gari hana. Lakini alishapiga hesabu kwamba pikapu inayomletea unga ina mwenyewe, na mwenyewe hatakubali kula hasara peke yake.

Elimu hiyo haikuletwa na serikali. Ililetwa na vijana. Wasichana wa miaka ishirini na kitu walikuwa TikTok wakieleza kifungu baada ya kifungu, huyu kwa Kiswahili, yule kwa Kikuyu, mwingine kwa Kijaluo, na wako waliotumia lugha ya ishara. Mtaalamu mmoja wa kompyuta akatengeneza programu ya mazungumzo: unaiuliza kuhusu bei ya sodo au nepi, inakujibu kwa kukutajia kifungu chenyewe. Mawakili walikesha kwenye mijadala ya X wakijibu maswali ya watu wasiowajua. Wabunge wakatumiwa salamu kwa simu mpaka simu zao zikazidiwa. Jumapili ya Juni 23 wako vijana walioingia makanisani kuwaambia viongozi wa dini waache kuwaachia wanasiasa madhabahu.

Nimeishi kupitia chaguzi kadhaa nchini humu, na sijawahi kuona raia wakijadili nambari za vifungu badala ya majina ya vinara wao. Walisema hawana kabila, hawana kiongozi, hawana woga. Mimi naongeza kwamba walikuwa na mswada mkononi, na hilo ndilo lililoitikisa Ikulu kuliko kelele.

Kazi yangu ni karani wa mishahara katika kampuni ndogo, kwa hiyo makato haya niliyaona yakija moja moja. Chukua mfanyakazi wa Sh30,000 katika Juni ile. Akiba ya uzeeni, NSSF, Sh1,800. Bima ya afya, NHIF, Sh900. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5, Sh450. Hizo tayari ni Sh3,150, na PAYE, kodi ya mapato, bado haijaguswa. Kinachobaki kinaingia kwenye simu, na kila akituma, ndani ya ada ya kutuma mna ushuru wa asilimia 15, ambao mswada ulitaka upande hadi 20. Akipanda matatu, nauli imebeba VAT ya mafuta iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 na Sheria ya Fedha ya 2023. Mtu huyo hajanunua hata kibaba cha unga.

Dada mmoja wa usafi alinijia na hati yake ya mshahara, kidole kikiwa kwenye mstari wa ushuru wa nyumba. "Dada, hii mia nne hamsini ya nyumba, hiyo nyumba iko wapi?" Nikamweleza sheria iliyopitishwa Machi 2024 inavyosema: anakatwa yeye, mwajiri naye anaongeza kiasi kilekile, pesa zinaingia kwenye hazina ya nyumba za bei nafuu, na kukatwa peke yake hakumpi nyumba, mtu anaomba, analipia. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Kwa hiyo najengea nani?" Nilikuwa na jibu la kisheria. Jibu la kumtosha sikuwa nalo, na sidhani kuna karani yeyote nchini aliyekuwa nalo.

Swali lake ndilo lililokuwa kiini cha mambo yote, na nadhani wengi walioandika kuhusu maandamano hayo walilipita haraka. Walitufanya tuonekane watu wanaochukia kulipa. Mkenya wa kawaida hulipa hata asipojijua analipa: kwenye sabuni, kwenye salio la simu, kwenye nauli. Kilichowachoma watu ni kulipa huku wakiona pesa zinavyoliwa.

Kumbuka miezi iliyotangulia. Mnamo Machi 2023 Rais William Ruto aliteua Mawaziri Wasaidizi 50, na Mahakama Kuu ndiyo iliyolazimika kuzuia. Ofisi ya Mke wa Rais ilikuwa na fungu lake la bajeti, ya mke wa Naibu Rais vilevile, na ya mke wa Mkuu wa Mawaziri vilevile. Mei 2024, mswada ukiwa unajadiliwa, Rais alisafiri kwenda Marekani kwa ndege ya kifahari ya kukodi. Mwenyewe alieleza kwamba marafiki walisaidia na gharama haikuzidi Sh10 milioni. Maelezo hayo yalizidisha hasira, kwa sababu watu walianza kuuliza ni marafiki gani hao na wao watalipwa nini. Huyu ni kiongozi aliyeingia madarakani kwa kuwaita watu mahasla, akiwaahidi kwamba hali ya mtu wa mkokoteni ndiyo itakayoongoza mipango. Ndiyo maana jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, lilimganda. Vijana waliimba "Zakayo shuka" kwa sauti ya watu waliohisi wameuzwa.

Nyuma ya hayo kulikuwa na deni. Juni ile ile Kenya ilitakiwa kulipa Eurobond, mkopo kutoka kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014, na Februari serikali ilikuwa imekopa dola bilioni 1.5 nyingine, kwa riba ya karibu asilimia 10, ili ilipe sehemu ya ile ya kwanza. Deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Zaidi ya nusu ya kodi inayokusanywa huishia kwa wanaotudai. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa na mpango na Kenya tangu 2021, na mpango huo ulitaka mapato yaongezwe. Hazina ikaamua kutafuta Sh346 bilioni mpya kutoka kwa watu walewale. Njia ya pili, ya kuanza na kupunguza matumizi ya wakubwa, ilikuwepo. Hawakuianza mpaka watu walipokufa.

Siku zenyewe zinajulikana, nitazitaja kwa kifupi. Juni 18 vijana waliingia katikati ya Nairobi na zaidi ya 200 wakakamatwa. Siku hiyohiyo Kamati ya Fedha ya Bunge ikatangaza kuwa VAT ya mkate imeondolewa, na ushuru wa magari pia. Serikali ilidhani yamekwisha. Juni 20 wabunge 204 wakaupitisha mswada katika usomaji wa pili, 115 wakaupinga, na usiku huo kijana akafa kwa risasi Nairobi. Juni 25 ukapita usomaji wa tatu kwa kura 195 dhidi ya 106. Waandamanaji wakaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikawaka moto, polisi wakafyatua risasi za kweli, na jeshi likaitwa.

Mombasa tulitembea Barabara ya Moi mpaka chini ya zile pembe kubwa za ndovu zinazovuka barabara. Nilikuwa karibu na msichana aliyebandika sodo kwenye kipande cha katoni na kuandika bei yake kwa kalamu ya wino mzito, halafu chini yake bei aliyokadiria baada ya ule ushuru wa mazingira uliopendekezwa kwenye mswada. Hakuandika tusi lolote. Bei mbili tu, na mshale katikati. Mwenye duka mmoja alikuwa ameshusha mlango wake wa chuma hadi kiunoni, amechutama nyuma yake, anapitisha chupa za maji kwa mkono mmoja kwa kila anayepita. Kina mama wa makamo waliokuwa wametoka kazini walisimama kando kwa muda, kisha nao wakashuka barabarani na mikoba yao.

Kufikia Julai 1, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa, na hesabu ikazidi kupanda. Wengine walitekwa na watu wasiovaa sare, kwa magari yasiyotambulika. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hakuna kiwango cha upungufu wa bajeti kinachoweza kuhalalisha risasi kwa mtu aliyeshika katoni. Nasema hivyo bila kupunguza neno, na familia zile bado zinadai haki.

Juni 26 Rais akasema amesalimu amri na hatautia sahihi mswada. Julai 5 akatangaza hatua ambazo wiki tatu kabla ziliitwa haziwezekani: mashirika 47 ya serikali kuvunjwa, washauri kupunguzwa nusu, bajeti za ofisi za wake wa viongozi kufutwa, nafasi za Mawaziri Wasaidizi kusitishwa. Julai 11 akafuta karibu Baraza lote la Mawaziri.

Soma tena orodha hiyo ya Julai 5. Kila kitu ndani yake ni matumizi. Hakuna hata kimoja kilichohitaji uchumi ukue au IMF iridhie. Vyote vingeweza kufanywa kwa kalamu, siku yoyote, kabla ya kuugusa mkate wa mtu.

Swali la yule dada wa usafi, analipa kwa ajili ya nani, watu wa nchi yetu walishaliuliza zamani. Huku Pwani, Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama mnamo 1913 kukataa kodi ya kibanda na kazi ya lazima. Lakini kisa kinachonijia zaidi kila nikipita Nairobi ni cha 1922. Kodi ya kibanda na ya kichwa ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16, na wakati uleule walowezi walikuwa wameamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, aliyekuwa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya Hazina, akaanza kukusanya watu kupinga. Akakamatwa Machi 14. Siku mbili baadaye umati ulijaa nje ya kituo cha polisi, wanaume wakaanza kusitasita, ndipo Muthoni Nyanjiru akawasuta hadharani na kuwaongoza mbele. Polisi wakapiga risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Hoteli ya Norfolk wakajiunga nao. Zaidi ya watu 20 wakafa, Muthoni akiwa miongoni mwao. Barabara inayopita mbele ya hoteli hiyo leo inaitwa Harry Thuku, na kutoka hapo hadi lango la Bunge ni mwendo wa kutembea.

Baada ya mauaji hayo kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Hilo watu hulikumbuka kama ushindi, na lilikuwa ushindi. Lakini jinsi kodi ile ilivyotumika haikubadilika: Mwafrika aliendelea kulipa, na reli, barabara na shule nzuri zikaendelea kumfuata mlowezi. Kiwango kilisogea, mgao ukabaki palepale.

Mwaka 2024 ulielekea njia hiyo mapema kuliko nilivyotarajia. Julai ileile, damu haijakauka, tozo ya kutunza barabara ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa kila lita ya mafuta. Haikuhitaji mswada, ilitosha tangazo la waziri. Oktoba ikaja bima mpya ya afya badala ya NHIF, ya asilimia 2.75 ya mshahara. Ni haki niseme kwamba kwa yule wa Sh30,000 makato yalishuka, kutoka 900 hadi 825, ila wa Sh100,000 alitoka 1,700 akaenda 2,750. Desemba ikapitishwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kodi, iliyorudisha baadhi ya mambo ya mswada uliokufa. Nayo ilikuwa na wema wake: ushuru wa nyumba na bima ya afya sasa hutolewa kwanza kabla ya kupiga PAYE. Niliiona tofauti kwenye mishahara ya Januari, ndogo lakini ipo. Wangapi waliusoma ule mswada wa Desemba? Mtaani kwetu hakuna aliyenitajia kifungu hata kimoja.

Kuna hoja ya serikali ambayo siwezi kuipuuza. Mswada ulipoanguka, pengo la Sh346 bilioni halikuyeyuka. Rais alisema Sh177 bilioni zitapunguzwa kwenye matumizi na Sh169 bilioni zitakopwa. Mkopo huo ni kodi iliyoahirishwa, tena itakuja na riba. Anayekataa kila ushuru na bado anataka mwalimu wa shule ya upili awe na mkataba wa kudumu, na mhudumu wa afya alipwe kwa wakati, lazima aseme pesa zitoke wapi. Mimi nasema zitoke kwenye semina za hotelini, magari ya wakubwa, safari za misafara mirefu, na miradi ambayo Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, huiandika kila mwaka kwenye ripoti zake ikiwa imelipwa na haijakamilika. Ripoti hizo ni za umma. Za Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, pia ni za umma, na hutoka kila robo mwaka, zikionyesha wizara na kaunti zilivyotumia kwa usafiri na marupurupu, kwa takwimu.

Bajeti ya 2024/25 ilikuwa imeandaliwa kuwa karibu trilioni 4. Ya 2025/26 ilipita trilioni 4.2. Miezi kumi na miwili baada ya watu kufa wakidai matumizi yapungue, jumla ilikuwa imepanda.

Hapo ndipo nina ugomvi na kalenda yetu. Mswada wa Fedha hutufikia Mei, tunachemka Juni, Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Lakini kufikia wakati huo matumizi yameshapangwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka Hazina ya Kitaifa iwasilishe Bungeni Waraka wa Sera ya Bajeti kufikia Februari 15. Humo ndimo kila wizara inapowekewa kikomo chake. Wabunge wakishauidhinisha, makadirio ya Aprili 30 yanafuata mstari uleule, na Mswada wa Fedha unakuja mwisho kutafuta pesa za kulipia mambo yaliyokwisha kukubaliwa. Juni tunagombania bei ya chakula kilichoshaagizwa. Kwenye kaunti ni vivyo hivyo: waraka wao wa mwelekeo wa fedha hutakiwa kufikia Februari 28.

Hili halimaanishi maandamano yalikuwa bure. Bila Juni 2024, Mswada wa Fedha wa 2025 usingekuja kwa unyenyekevu uliokuja nao, na kile kifungu kilichotaka kuipa Mamlaka ya Ushuru, KRA, mwanya wa kuchungulia data za siri za watu kisingekataliwa na kamati ileile ya Bunge. Woga ulihama upande. Wanaotunga sheria za kodi leo wanajua zitasomwa. Ninachotaka ni kwamba wanaotunga mafungu ya matumizi nao wajue hivyo, na wajue mapema.

Katiba iko upande wetu. Kifungu cha 201 kinataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa umma katika mambo ya fedha, na kinasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu hichohicho kinataka pesa za umma zitumike kwa busara. Mswada wa Fedha unahusu nusu ya kifungu hicho tu.

Tumeunda kikundi kidogo mtaani. Kuna mzee mstaafu wa bandarini ambaye alizoea kusoma orodha za mizigo na hakubali nambari mbili zisizolingana. Kuna walimu, kuna mwendesha boda boda mwenye simu nzuri ya kupakua nyaraka, na niko mimi na kikokotoo changu. Tunasoma jedwali moja kwa kikao, kwa sababu ukitaka kusoma kurasa mia tatu kwa mara moja utalala. Katika kikao cha umma cha wadi yule mzee aliuliza kuhusu sekta ya afya: kiasi gani ni dawa, kiasi gani ni mafunzo na safari. Swali likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na tulihakikisha limeandikwa kwa maneno yake, kwa sababu mahakama zetu huuliza kama umma ulishirikishwa na ulisema nini.

Ukitaka kuanza hukohuko ulipo, Waraka wa Sera ya Bajeti huwekwa kwenye tovuti ya Hazina ya Kitaifa. Ruka hotuba za mwanzo. Nenda kwenye majedwali ya mwisho yanayoonyesha vikomo vya kila wizara, uweke kando ripoti ya karibuni ya Msimamizi wa Bajeti, na ulinganishe fungu moja tu: waliloomba, walilopewa mwaka uliopita, na walilotumia kweli. Andika tofauti kwenye ukurasa mmoja, uitume kwa karani wa Bunge la Kitaifa na kwa mbunge wako kabla Februari haijaisha, na ubaki na nakala yenye tarehe.